Kazi Mbovu Ni Kosa la Nani?

Mtu akisimama Matogoro, upande wa mashariki wa mji wa Songea, huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea mno hata hawalisemi tena. Katika milima ile maji hutoka chini ya miti kidogo kidogo, yakakusanyika kuwa kijito ambacho mtoto aweza kukiruka. Huko ndiko uanziako mto Ruvuma, ule ambao mbele ya safari yake huwa mpaka baina ya nchi yetu na Msumbiji, hata uingiapo Bahari ya Hindi. Anayekata mti huku juu hamwoni mvuvi aliye kule chini. Wala mvuvi hamjui aliyekata mti. Walakini tendo la mmoja limemfikia mwenziwe.

Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu juma hili lafanana na mto huo. Nalo ni hili: Je, mtu afanyaye kazi mbovu, au apotezaye mali na saa za kazi, bila kuiba hata senti moja, atenda dhambi? Na kama ni dhambi, ni ya nani? Ni ya mfanyakazi aliyeshika msumeno, au ni ya msimamizi aliyemweka hapo na kumpa amri?

Wako watakaotuambia ya kuwa haya si mambo ya gazeti la dini. Watasema ubora wa bidhaa, mpango wa kazi na upunguzaji wa taka ni elimu ya wenye viwanda, nasi tuwaachie. Twawaheshimu wataalamu hao, na hapa chini tutawasikiliza. Lakini mtaalamu atatuonyesha jinsi ya kupunguza hasara. Hatatuambia kwa nini hasara ni aibu, wala faida ikipatikana igawanywe kwa nani. Hayo ni maswali ya haki, na haki ni jambo la kila Mkristo.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna karakana ya seremala chini ya milima ya Matogoro, yenye mafundi sita na nyapara mmoja, nayo imepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Twasema ni mfano tu, wala hatumnyoshei mtu kidole. Karakana hiyo hutumia mbao arobaini kwa juma. Kwa kuwa vipimo hufanywa kwa haraka, na msumeno haukunolewa, na mbao zimerundikwa mahali panaponyeshewa, katika kila mbao nane moja huharibika, ikatupwa au ikachomwa. Hasara hiyo haimshtui mtu. Ubao mmoja ni nini? Lakini mbao tano kwa juma, katika majuma hamsini ya kazi, ni mbao 250. Mbao hizo zilikuwa miti, na mti wa msonobari huhitaji miaka ishirini na zaidi kabla haujafaa kupasuliwa. Mtu mmoja ameupanda, mwingine ameulinda na moto, mwingine ameukata kwa jasho, mwingine ameubeba. Nasi tumeufanya majivu kwa sababu hatukunoa msumeno.

Hiyo ndiyo hasara inayoonekana. Iko na nyingine isiyoonekana upesi. Ubao mbichi umeungwa kabla haujakauka. Dawati limepakwa rangi, linang'aa, limepokelewa na kulipiwa. Baada ya miezi michache ubao unajikunja, maungio yanalegea, na siku moja dawati linavunjika watoto watatu wakiwa wamelikalia. Mwalimu analiburuta mpaka ukutani, na watoto wale wanaketi sakafuni, wakiandika juu ya magoti yao. Pale Matogoro kipo chuo cha ualimu, na walimu wafunzwao huko wajua vizuri kuliko sisi jinsi mwandiko wa mtoto aketiye chini unavyokuwa. Je, aliyetengeneza dawati lile amemnyang'anya mtoto kitu, au hakumnyang'anya?

Sisi twasema amemnyang'anya. Ameuza kitu kwa jina lisilo lake. Mnunuzi alilipa fedha ya dawati, akapewa umbo la dawati. Tena amelipa, bila kujua, bei ya zile mbao zilizochomwa, kwa maana hakuna mwenye karakana awezaye kuuza bila kuingiza hasara yake katika bei. Basi hasara ya kizembe hulipwa na mtu fulani sikuzote. Na mara nyingi mtu huyo ni maskini, naye hakuulizwa.

Turudi katika Injili. Wakristo wote wajua habari ya mikate mitano na samaki wawili, nasi hupenda kusimulia muujiza wenyewe. Lakini Yohane Mwinjili ametuwekea neno ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Baada ya watu kushiba, Bwana aliwaamuru mitume wavikusanye vipande vilivyosalia, kisichopotea kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Tufikiri kidogo. Yule aliyeweza kuwalisha watu elfu tano kwa chakula cha mtoto mmoja hakuwa na haja ya makombo. Kama angalitaka, angalifanya mkate mwingine kesho yake. Hata hivyo hakuuona wingi kuwa ruhusa ya kutupa. Kumbe sababu ya kutopoteza si umaskini peke yake, kana kwamba tajiri ana ruhusa. Sababu ni kwamba kitu tulichopewa ni zawadi, na zawadi haikanyagwi.

Fundisho hilo lilishikwa na watawa wa kale. Mtakatifu Benedikto, alipowaandikia ndugu zake kanuni katika karne ya sita, alimtaka mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba, hata jembe na ndoo, kama vile vyombo vitakatifu vya altare. Aliagiza zana ziorodheshwe zinapotolewa na zinaporudishwa, na ndugu anayezitumia kwa uchafu au uzembe aonywe. Tena aliwaonya mafundi wa monasteri wasifanye hila yoyote katika kuuza kazi ya mikono yao. Wana wa Benedikto walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, na jirani zao wa Ruvuma wamewaona kwa vizazi vingi wakishika kanuni hiyo kwa matofali, kwa mbao, kwa chuma na kwa mashine za kupiga chapa. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya sala haikuona haya kutaja jembe. Wahenga wetu nao walilisema jambo hilo kwa njia yao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani tumekwisha kutoa hukumu, ya kuwa kosa ni la fundi. Wenye mali wengi hufurahi sana mahubiri yanapokomea hapo. Lakini sisi hatuwezi kukomea hapo, kwa kuwa haki haijakamilika.

Tumuulize fundi wetu kwa nini hakunoa msumeno. Atajibu: Tupa ya kunolea iko moja, nayo imefungiwa katika sanduku la nyapara, na nyapara amekwenda mjini. Kwa nini aliunga ubao mbichi? Kwa sababu aliambiwa madawati yatoke Ijumaa, wala hakuna banda la kukaushia. Alipoona ubao ni mbichi, kwa nini hakusema? Hapo atanyamaza kidogo, kisha atasema: Nilisema mwaka jana, nikaambiwa kazi yangu si kufikiri. Basi sasa tumhukumu nani?

Hapa ndipo wataalamu wanapotusaidia. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, alialikwa Japani, nchi iliyokuwa imevunjwa na vita, akawafundisha wakuu wa viwanda juu ya ubora wa bidhaa. Neno lake kubwa lilikuwa hili: makosa mengi yaonekanayo katika kazi hayatokani na uvivu wa mfanyakazi mmoja mmoja, bali yanatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, na mpango wa kazi u mikononi mwa wakuu. Kumkemea mfanyakazi kwa kosa lililopandwa na mpango ni kama kuukemea mto kwa kuwa na tope, ilhali sisi wenyewe tumefyeka miti ya chemchemi.

Huko huko Japani alikuwako mtu aliyeitwa Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1867. Alibuni mashine za kufuma nguo, na ile iliyokamilika mwaka 1924 ilikuwa ikisimama yenyewe mara uzi ukatikapo, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. Baadaye, katika viwanda vya magari vilivyotoka katika ukoo huo, wazo lile lilihamishwa kutoka mashine hadi kwa mtu: mfanyakazi yeyote aonaye kasoro alipewa kamba ya kuvuta, kuwaita wakubwa, na kazi isimame mpaka sababu ipatikane. Tulitafakari sana jambo hilo. Mtu wa chini kabisa ana mamlaka ya kusimamisha kiwanda kizima kwa ajili ya ukweli! Mhandisi wao Taiichi Ohno alihesabu namna saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kubeba vitu huku na huku bila haja, kufanya kazi isiyotakiwa, kulimbikiza ghalani, mwendo wa mwili usio na faida, na kutengeneza vitu vyenye kasoro. Msomaji ahesabu ni mangapi kati ya hayo saba aliyoyaona juma hili, ofisini mwake au dukani mwake.

Mafundisho hayo, ambayo Wajapani huyaita kaizen, yaani kuendelea kutengeneza mambo yawe bora kidogo kidogo, yamekwisha kufika kwetu. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kufuata utaratibu wa kuchambua vitu, kuvipanga, kusafisha, kuweka kanuni na kuzishika. Tangu 2013 wizara yetu ya viwanda, pamoja na shirika la Japani la JICA, imekuwa ikiwafundisha wenye viwanda. Wataalamu Yuki Higuchi, Edwin Mhede na Tetsushi Sonobe waliwachunguza watengenezaji wadogo wa nguo nchini waliopewa mafunzo ya namna hiyo, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019 walionyesha kwamba desturi njema za kazi zilidumu hata miaka kadhaa baada ya mwalimu kuondoka. Habari hiyo yatufurahisha, kwa maana inawakanusha wale wasemao ya kuwa watu wetu hawabadiliki. Hubadilika, wakionyeshwa njia na kusikilizwa.

Tena watu wa Ruvuma hawakungoja kufundishwa na wageni ya kuwa mfanya kazi ana akili. Kati ya mwaka 1960 na 1969, katika kijiji cha Litowa na vijiji vingine vya wilaya ya Songea, wakulima walijiunga katika umoja wa maendeleo uliojulikana kwa herufi RDA. Walikutana, wakapanga kazi kwa shauri la wote, wakachagua viongozi wao, wakagawana mapato. Umoja wao ulifikia kumiliki kinu cha kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao. Mnamo Septemba 1969 umoja huo ulivunjwa kwa amri ya wakuu wa chama, na zana zake zikachukuliwa. Hatuandiki hapa ili kufufua ugomvi wa zamani. Lakini twajifunza neno moja: mashine yaweza kuhamishwa kwa gari katika siku moja, ule moyo wa mtu kujiona ni mwenye kazi hauhamishwi kwa gari, na ukivunjwa hauundwi upesi. Inafaa kukumbuka pia kwamba Serikali yenyewe, kwa waraka wa Rais wa 1970, iliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe mahali pa kazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Maneno mema tumekuwa nayo muda mrefu. Kilichopungua ni kuyatenda.

Basi jibu letu la swali la kwanza ni hili. Kazi mbovu ni kosa, na kosa hilo lina wenyewe kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Fundi atajibu juu ya kile alichoweza kukitengeneza na hakukitengeneza. Msimamizi atajibu juu ya yote aliyoweza kuyapanga na hakuyapanga, na juu ya kila mdomo alioufunga. Na kwa kuwa aliye juu anaweza mengi zaidi, deni lake ni kubwa zaidi. Aliyepewa vingi, kwake hudaiwa vingi.

Lakini liko pingamizi zito, nalo tusilifiche. Mfanyakazi mmoja aweza kutuambia: Ninyi wa gazeti mwatutaka tutoe mawazo ya kuboresha kazi. Haya, sisi mafundi sita tumekaa, tumepanga zana, tumenoa misumeno, tumejenga banda la kukaushia. Kazi iliyochukua siku sita sasa yachukua siku nne. Tajiri amepiga hesabu, akaona ya kuwa mafundi wanne kwa siku sita wanatosha, akawaachisha wawili. Kumbe tumeinoa shoka ya kututema wenyewe! Kwa nini tusinyamaze, tukapoteza mbao, tukala mkate wetu?

Pingamizi hilo twaliheshimu, kwa kuwa lina machozi ndani yake. Wako wenye mali ambao kwao maneno mazuri ya kuboresha kazi ni jina jipya la mjeledi wa zamani. Wanahesabu hatua za mfanyakazi aendapo kunywa maji, na hawahesabu saa anazongoja malighafi ambayo wao walichelewa kuagiza. Papa Pius XI aliona jambo hilo mwaka 1931: alisikitika kwamba malighafi hutoka kiwandani imepata heshima, na binadamu hutoka humo ameshushwa. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha ya kuwa kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Tukiupima utaratibu wowote wa kazi kwa kanuni hiyo, twajua mara moja kama ni mwema. Utaratibu unaookoa ubao na kumtupa seremala haujapunguza upotevu. Umehamisha upotevu kutoka kwenye mbao kwenda kwa watu, na mtu ni wa thamani kuliko ubao.

Kwa hiyo twasema wazi: mtu asipoteze mkate wake kwa sababu ya shauri jema alilolitoa yeye mwenyewe. Mwenye karakana atakaye wafanyakazi wake wafikiri pamoja naye, na awaahidi hilo kwanza, tena aishike ahadi. Siku mbili zilizookolewa zitafute kazi nyingine: vitanda, milango, matengenezo ya madawati yaliyovunjika. Faida iliyopatikana igawanywe: sehemu iende katika ujira na usalama wa wafanyakazi, sehemu katika bei ili mnunuzi apumue, na sehemu kwa mwenye mali, maana naye ana haki yake. Twajua ziko nyakati ngumu ambapo kazi haipatikani kweli, na mwenye karakana mwenyewe halali usingizi. Wakati huo na awafungulie wafanyakazi daftari la hesabu, waone wanachokiona macho yake. Mzigo unaoonekana na wote hubebwa na wote. Mtu akifichwa hesabu halafu akaambiwa avumilie, huo si uvumilivu tena. Ni kufungwa macho.

Na kwa upande wa pili twamwambia fundi neno ambalo halitampendeza. Umeonewa, pengine ni kweli. Basi dai haki yako kwa njia ya haki: katika baraza la wafanyakazi, katika chama chako, mbele ya sheria. Lakini usimlipizie mtoto. Yule atakayelikalia dawati lako hakukupunja ujira. Ukimwunganishia ubao mbichi ili kumkomoa tajiri, tajiri hataanguka, ataanguka mtoto. Hapa hakuna udhuru uwezao kusimama.

Tena kuna upotevu utokao nje ya lango la karakana. Maranda na vumbi la mbao, mafuta machafu ya mashine, makopo ya rangi, mifuko na vifungashio: hivyo vyote twasema tumevitupa. Lakini kutupa maana yake nini? Hakuna mahali paitwapo "kutupwa". Kila kitu kilichotupwa kimewekwa mahali fulani, na mahali hapo pana jirani. Pale Matogoro jambo hili haliwezi kufichika, kwa kuwa mteremko ndio huo na kijito ndicho hicho. Mafuta yaliyomwagwa nyuma ya banda leo, mvua ikinyesha, kesho yako katika ndoo ya mama fulani. Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, alikemea desturi ya kutupa, akionyesha ya kuwa moyo unaozoea kutupa vitu huzoea pia kutupa watu: wazee, wagonjwa, na watoto wasiotakiwa. Serikali yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, wengi walinung'unika kwa majuma machache, kisha wakachukua vikapu kama walivyofanya bibi zao. Kumbe yawezekana. Maranda ya seremala hutandikwa katika banda la kuku, na yakiisha huko huwa mbolea ya shamba. Vipande vya mbao huwa vibao, vishikio na vifaa vya kuchezea watoto. Twapaswa kuuliza kabla ya kutupa, si baada yake.

Wala wakulima wasidhani ya kuwa maneno haya ni ya wenye karakana tu. Ruvuma ni mojawapo ya mikoa ilimayo mahindi mengi sana nchini, na shamba nalo ni mahali pa kazi. Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2011 ya kuwa karibu theluthi moja ya chakula chote kilimwacho kwa ajili ya watu duniani hupotea au hutupwa. Katika nchi kama yetu, sehemu kubwa ya hicho hupotea kabla hakijafika mezani: shambani, uani, ghalani. Na ubora si jambo la sura tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota katika nafaka isiyokaushwa vema, na 20 kati yao walifariki. Mahindi yale yalikuwa chakula, yakawa kifo. Turubai la kuanikia, siku chache zaidi za jua, na ghala lisilovuja, hivyo vyote ni vitu vidogo. Walakini anayeyauza mahindi yaliyoota ukungu, hali akijua, hawezi kusema mbele ya Mungu ya kuwa ameuza mahindi tu.

Sasa tuzungumze na jamaa za Kikristo, maana mtu hajifunzi uaminifu wa kazi siku anapoajiriwa. Hujifunza nyumbani. Mtoto anayeona baba akirudisha jembe mahali pake, akilifuta udongo, amekwisha kupata somo la kwanza la utawala wa kazi. Mtoto anayeona mama akipima unga kwa kadiri ya walaji, na kiporo kikiliwa asubuhi bila haya, amekwisha kusoma somo la pili. Na mtoto anayeruhusiwa kusema, "Baba, maji yanavuja pale," na baba akaacha anachokifanya akaenda kutazama, huyo amepata somo la tatu, lililo kubwa kuliko yote: ya kuwa neno la mdogo, likiwa la kweli, lina nguvu ya kumsimamisha mkubwa. Lakini akijibiwa, "Nyamaza, mambo ya wakubwa," atanyamaza. Atanyamaza leo mbele ya baba, na baada ya miaka ishirini atanyamaza mbele ya ubao mbichi.

Parokia zetu nazo zijitazame. Je, viti vya kanisa vilivyovunjika vimerundikwa nyuma ya sakristia tangu lini? Daftari la mali ya parokia liko, na lasomwa mbele ya halmashauri? Mlinzi, mpishi na fundi wetu wanalipwa kwa wakati? Haifai tuwahubirie wenye viwanda mambo ambayo hatuyafanyi sisi katika ua wetu. Twakiri ya kuwa hata katika ofisi ya gazeti tumewahi kuchapa karatasi nyingi kuliko haja, na tumewahi kumkatiza kijana aliyetaka kutuonyesha kosa. Maneno haya twajiambia na sisi.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei, siku ya wafanyakazi, iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili haikutuandikia hata neno moja la Yosefu, wala haituelezi alitengeneza nini. Lakini twajua ya kuwa watu wa Nazareti walimtambua Bwana wetu kuwa ni mwana wa seremala, na kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kuitwa kwa jina la kazi hiyo. Hatudhani ya kuwa katika nyumba ile ubao ulitupwa ovyo, wala ya kuwa jirani aliuziwa nira iliyopasuka ikafunikwa kwa mafuta.

Basi, ndugu msomaji, juma hili ufanye mambo mawili tu. Ukiwa ni mwenye kuamriwa, chagua kasoro moja unayoiona kila siku katika kazi yako, uitengeneze au uiseme kwa adabu kwa anayehusika. Ukiwa ni mwenye kuamuru, mwite aliye mdogo kuliko wote katika kazi yako, umwulize: Kitu gani hapa kinapotea ambacho mimi sikioni? Kisha usimkatize. Yawezekana atakujibu kwa neno dogo kama kijito kile cha Matogoro. Usiliruke.